Kabla Hujasema AI Itamaliza Madaktari wa Eksrei, Jua Picha Yenyewe Ni Hesabu

Mwaka wa 2016, Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa hii AI tunayoitumia sai kuandikia insha, aliambia watu huko Toronto kwamba vyuo viache kufundisha madaktari wa kusoma eksrei. Kwa makadirio yake, ndani ya miaka 5 kompyuta ingekuwa inawashinda. Akawafananisha na yule mnyama wa katuni ambaye ameshapita ukingo wa jabali ila hajatazama chini. Basi miaka 5 ikapita, na mingine ikafuata. Mwaka wa 2024 Hinton akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na wale madaktari bado wako kazini.

Simtaji ili tumcheke. Jamaa anajua vitu. Namtaja kwa sababu hiyo kauli yake imeshuka hadi mtaani, na nimesikia watu wakimwambia mtoto aliyemaliza fomu 4 asijaze kozi ya eksrei KMTC, ati kompyuta imeingia juzi na itafagia kila mtu. Shida yangu ni hilo neno "juzi". Kompyuta imekuwa ndani ya picha za hospitali kwa zaidi ya miaka 50. Na stori ya jinsi ilivyoingia inaanzia hapa Afrika, kwenye hospitali moja ya Cape Town, na kwa sababu ambayo karibu hakuna anayeisimulia.

Lakini kwanza turudi nyuma kidogo. Wilhelm Röntgen aligundua eksrei Novemba 1895 huko Würzburg, Ujerumani. Mwezi uliofuata akapiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa ikaonekana pamoja na pete. Dunia ikashangaa. Hakuweka hataza, akasema ni ya watu wote, na mwaka wa 1901 akawa mtu wa kwanza kupata Nobel ya Fizikia. Hiyo wengi mmeisoma shuleni.

Kile hamkuambiwa shuleni ni kwamba eksrei ya kawaida ni kivuli tu. Mwale unaingia mbele, unatoka nyuma, na kila kitu ulichopita ndani yako kinaangukiana kwenye karatasi moja. Fikiria matatu ya watu 14 imewashiwa taa kali kwa mbele, na wewe unaona vivuli vyao ukutani nyuma yake. Utajua gari limejaa. Lakini nani amekaa nyuma ya nani, na yule wa katikati amebeba nini? Hapo huwezi kusema.

Kwa mfupa uliovunjika, kivuli kinatosha. Kwa ubongo, hakitoshi kabisa, kwa sababu fuvu linaziba kila kitu. Kwa miaka mingi njia mojawapo ya kuuona ubongo ilikuwa kumtoboa mgonjwa uti wa mgongo, kuvuta maji yaliyo humo, halafu kusukuma hewa ipande hadi kichwani ili eksrei ionyeshe yale mashimo yaliyojaa hewa. Uchungu wa kichwa uliofuata ulikuwa wa kutapika, na ungeweza kudumu siku kadhaa. Na yote hayo ni ili daktari akisie: kama shimo limesukumwa upande, pengine kuna uvimbe upande wa pili. Huo haukuwa utesaji. Ulikuwa utaalamu wa hali ya juu wa wakati huo, ulianza mwaka wa 1919 na ulikuwa bado unatumika miaka ya sitini.

Sasa twende Cape Town.

Mwaka wa 1955 hospitali ya Groote Schuur ilibaki bila mwanafizikia. Sheria ya Afrika Kusini ilitaka mtu wa fizikia asimamie matumizi ya vitu vyenye mionzi, kwa hivyo wakamwomba mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aje awasaidie siku moja na nusu kwa wiki. Kazi ya kando tu. Hakuwa daktari. Hata shahada ya uzamifu hakuwa nayo, maana alikwenda Cambridge akarudi bila kuimaliza.

Kabla hujakimbia kuposti "Mwafrika alivumbua CT skani", tulia. Cormack alikuwa mzungu, na hiyo Groote Schuur ilikuwa ya enzi za ubaguzi, wodi za weusi mbali na wodi za weupe. Ni historia ya Afrika, ndiyo, lakini ni yenye makovu yake, na sipendi tunapoipiga filta ili ipendeze.

Akiwa pale, Cormack aliona jinsi madaktari walivyopanga tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani. Walipiga hesabu kana kwamba mwili ni kitu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kama ndoo ya maji. Lakini mfupa unameza mwale mwingi, mapafu yanameza kidogo, na nyama ni katikati. Ukikosea, unachoma pasipo na ugonjwa. Kwa hivyo akajiuliza: naweza kujua kila sehemu ndogo ya ndani ya mwili inameza mwale kiasi gani, nikipimia nje tu?

Hilo swali linaeleweka vizuri ukilipeleka kwa mama mboga. Tuseme hujui bei ya nyanya wala ya kitunguu, unajua jumla tu. Nyanya 2 na kitunguu 1 ni bob 40. Nyanya 1 na vitunguu 2 ni bob 50. Jumla moja haikusaidii, lakini ukiwa nazo mbili unapata jibu: nyanya bob 10, kitunguu bob 20. Mwale wa eksrei nao hukupa jumla tu ya vitu vyote ulivyopita. Lakini ukipitisha mwale mwingine kwa pembe tofauti, na mwingine, na mwingine, kila mmoja ukileta jumla yake, mwishowe unaweza kutenganisha bei ya kila kitu. Hapo ndipo zile hesabu za shuleni ulizosema hutawahi kuzitumia maishani zinageuka kuwa picha ya ndani ya mtu aliye hai.

Cormack akatafuta kama kuna aliyewahi kulitatua hilo swali, akakosa, akalitatua mwenyewe. Miaka mingi baadaye ndipo akajua kwamba mwanahisabati wa Austria, Johann Radon, alishalimaliza mwaka wa 1917, kwa raha ya hesabu tupu, bila kuwaza hospitali yoyote.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka wa 1957 Cormack alifanya jaribio. Aliwaomba mafundi wa karakana wamtengenezee kisahani cha aluminiamu kilichozungushiwa mbao, akapitisha miale ya gama, akapima, akapiga hesabu. Majibu yakatoka sawa, isipokuwa pale katikati kabisa. Hesabu ilisisitiza kwamba katikati ya aluminiamu kuna kitu kinachomeza mwale kidogo kuliko sehemu nyingine. Yeye alijua ni aluminiamu mwanzo mwisho. Angeweza kusema vifaa vina kasoro akasonga mbele. Badala yake akaenda karakana kuuliza. Kumbe fundi, alipokuwa akikitengeneza, aliweka katikati kigingi kidogo cha aluminiamu ya aina nyingine. Hakuna aliyemwambia Cormack. Hesabu ilikiona kabla yake.

Soma hiyo tena. Ule ndio mwanzo halisi wa kompyuta kusoma mwili, na haukuthibitishwa na hesabu kuwa nzuri. Ulithibitishwa na mtu kwenda kumuuliza fundi.

Cormack akahamia Marekani, akachapisha makala mbili mwaka wa 1963 na 1964 kwenye jarida la fizikia. Kimya. Mojawapo ya barua chache alizopata ilitoka kituo cha Uswisi cha utafiti wa maporomoko ya theluji, waliotaka kujua kama mbinu hiyo ingewasaidia kupima theluji milimani. Hospitali? Hakuna.

Tatizo mojawapo lilikuwa mashine. Hesabu kama hizo kwa kalamu zingekuzeesha, na kompyuta za wakati huo zilikuwa bado zinajifunza kuona. Mwaka huohuo wa 1957, kule Marekani, Russell Kirsch aliingiza picha ya kwanza kwenye kompyuta, ya mtoto wake mchanga. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176. Emoji yako ya leo inaikaribia. Mwaka wa 1964 maabara ya JPL ikatumia kompyuta kusafisha picha za mwezi zilizotumwa na chombo cha Ranger 7, na baadaye wataalamu wa palepale wakageuza mbinu zilezile kwenye picha za eksrei. Kuondoa ukungu kwenye picha ya mwezi na kuondoa ukungu kwenye picha ya kifua, kwa kompyuta ni kazi moja.

Aliyeunganisha mambo ni Godfrey Hounsfield. Mtoto wa shambani Uingereza, alijifunza rada jeshini wakati wa Vita vya Pili, hakuwa na digrii ya chuo kikuu, na hakuwa amesikia habari za Cormack. Alifanya kazi EMI, kampuni iliyokuwa ikiuza santuri za Beatles. Hapa lazima nivunje stori moja inayopendwa sana mtandaoni, kwamba pesa za Beatles ndizo zilizolipia CT skani. Ni stori tamu, lakini waliochunguza hesabu walikuta serikali ya Uingereza, kupitia wizara ya afya, ilitoa pesa nyingi kuliko EMI. Kodi ya wananchi, bana. Lakini nani atatengeneza meme ya kodi?

Mashine ya kwanza ya Hounsfield ilichukua siku 9 kupima kitu kimoja, vipimo 28,000, kisha kompyuta ikatafuna hesabu kwa saa 2 na nusu. Mgonjwa gani atalala tuli siku 9? Alipobadilisha chanzo cha miale muda ukashuka hadi saa 9. Akajaribia ubongo wa ng'ombe kutoka buchani. Halafu tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, akiwa na daktari wa eksrei James Ambrose (mzaliwa wa Afrika Kusini, naye), wakamlaza mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani.

Picha ilikuwa na pikseli 80 kwa 80. Hizo ni 6,400 kwa jumla, wakati simu yako ya bei rahisi inapiga mamilioni. Lakini katikati ya ule ukungu wa vijiraba kulikuwa na duara jeusi pahali ambapo halikufaa kuwa. Daktari wa upasuaji akafungua, na baadaye akasema uvimbe ulikuwa vilevile picha ilivyouonyesha. Hakuna hewa iliyosukumwa uti wa mgongo wa mtu. Mwaka wa 1979 Cormack na Hounsfield wakagawana Nobel ya Tiba, na hakuna kati yao aliyekuwa daktari.

Kuna kitu kimoja kuhusu ile picha ambacho ningetaka ukishike, kwa sababu kitakufaa siku ukiandikiwa CT. Kila pikseli ni namba. Kipimo kimepewa jina la Hounsfield: maji ni 0, hewa ni hasi 1000, mfupa mgumu unaweza kufika 1000 na zaidi. Zile namba ni maelfu, na jicho la binadamu linatofautisha rangi za kijivu chache tu. Kwa hivyo anayesoma huchagua ni namba zipi azione. Akifungua dirisha la mifupa, ubongo unakuwa bonge moja la kijivu. Akifungua dirisha la ubongo, mfupa wote unakuwa mweupe pepe. Mgonjwa ni yuleyule, vipimo ni vilevile, lakini kinachoonekana kimebadilika. Yaani hata kabla AI haijafika, kuna mtu aliyeamua nini kionekane.

Baada ya hapo watu wakaanza kuota kompyuta isome yenyewe. Mwaka wa 1998 Marekani iliruhusu programu ya kwanza ya kumsaidia daktari kusoma picha za matiti. Inaweka alama: angalia hapa, angalia hapa. Hospitali zikainunua kwa wingi. Mwaka wa 2007 utafiti mkubwa, wanawake zaidi ya 222,000, ukatoa majibu: pale programu ilipotumika, wanawake waliokatwa kipande cha titi kwenda kupimwa waliongezeka kwa karibu asilimia 20, na saratani zilizopatikana hazikuongezeka kwa kiasi cha kujivunia. Miaka 9 ilikuwa imepita. Wanawake waliitwa tena, wakalala macho, wakadungwa sindano, kwa sababu alama ya kompyuta inatisha na daktari haogopi kitu kama kuipuuza halafu ikawa kweli.

Kisha ikaja AI ya sai, ile inayojifunza yenyewe kwa kuonyeshwa picha nyingi. Mwaka wa 2018 watafiti wa Marekani walijaribu moja ya kutambua nimonia kwenye eksrei za kifua. Kwenye hospitali zilikotoka picha za kuifunza, ilifanya vizuri sana. Ikipelekwa hospitali nyingine, mara nyingi ilishuka. Walipochungulia ndani, wakakuta inaweza kutambua picha imetoka hospitali gani, karibu bila kukosea, na hospitali mojawapo ilikuwa na wagonjwa wengi zaidi wa nimonia. Sehemu iliyoikazia macho zaidi wakati mwingine ilikuwa ile alama ya chuma ambayo mtu wa eksrei huweka pembeni kuonyesha kulia na kushoto. Mwanafunzi aliyejua jibu kwa kutambua mwandiko wa mwalimu! Sote tumesoma na mtu kama huyo.

Hii inatuhusu vipi sisi? Inatuhusu kwa kifua kikuu. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema programu za kompyuta zinaweza kutumika badala ya binadamu kusoma eksrei ya kifua katika kusaka TB, kwa watu wa miaka 15 kwenda juu. Badala ya binadamu, hawakusema kama msaidizi. Na mimi naunga mkono, na nitakuambia kwa nini. Picha inaweza kupigwa kijijini leo, halafu daktari wa kuisoma yuko mji mwingine na foleni yake ni ndefu, na huku TB inaendelea kukoholewa ndani ya chumba cha watu sita. Mashine inayosema "huyu apimwe makohozi" ndani ya dakika moja inaokoa maisha. Haitoi hukumu ya mwisho, makohozi ndiyo yanayotoa. Hapo unaona karakana ya Cormack imerudi: kuna mahali pa kwenda kuhakikisha.

Lakini ile programu haisemi ndiyo au hapana. Inatoa alama, tuseme 0 hadi 100, na lazima mtu aamue TB ianzie alama ngapi ndipo uitwe kupimwa. Shirika lenyewe linashauri kila nchi ipime na kuweka kiwango chake, kwa sababu mapafu ya mtu aliyewahi kuugua TB yana makovu, ya mtu mwenye HIV huonyesha ugonjwa kwa sura nyingine, na mashine iliyofunzwa kwingine haijui hayo mpaka ionyeshwe. Kiwango kikiwekwa juu sana, wagonjwa wanaenda nyumbani wakiambiwa wako sawa. Kikiwekwa chini sana, pesa za vipimo zinaisha Machi. Hiyo si kazi ya mashine. Ni kazi ya watu wanaojua eksrei, takwimu na wagonjwa wetu, na ndio hao ati tuache kuwafundisha.

Na tusijifanye hatujui kitakachotokea tukinunua mashine bila watu. Tulishafanya hivyo. Mwaka wa 2015 serikali ilianza kukodisha vifaa kwa hospitali za kaunti, eksrei zikiwemo, na kamati ya Seneti ilipochunguza mpango huo, ripoti yake ya 2020 ikaeleza vifaa vilivyokaa bila kazi kwa kukosa umeme, maji au wahudumu. Programu ni rahisi zaidi kununua kuliko mashine. Haichukui nafasi, haipigi kelele, na ikikosea hakuna anayesikia.

Kwa hivyo kama unafikiria kozi ya eksrei, jaza. Ongeza hesabu na kuandika programu ukiweza.

Na kama wewe ni mgonjwa tu kama wengi wetu, ukipigwa CT usitoke na ile filamu ya kuangalia dirishani peke yake. Filamu ni dirisha moja ambalo mtu alikuchagulia. Omba CD au faili yenyewe, yenye namba zote, ili daktari mwingine akitaka kufungua dirisha lingine aweze. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya yako kuwa data nyeti na inakupa haki ya kuzipata. Wakisema CD zimeisha, beba flashi yako.